Mdoli wa mtoto wa Kihmong wa Minnesota: uso kwanza, nguo baadaye

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Kitanzania, naishi St. Paul, Minnesota, na nina leseni ya kulea watoto wadogo nyumbani kwangu. Zaidi ya nusu ya watoto ninaowalea ni Wahmong, jamii yenye asili ya milima ya Laos na nchi jirani; wengine wazazi wao wametoka Vietnam na Ufilipino. Kwenye kapu letu la midoli, wa Kiasia ni mmoja tu, umevaa kimono, vazi la Kijapani, na macho yake ni mistari miwili iliyopandishwa pembeni. Hakuna mtoto anayeushika. Mimi ni fundi cherehani tangu Tanga, nataka kutengeneza mdoli unaofanana na watoto hawa, na Mungu akijalia niuuze. Nianze na kitambaa au niende kiwandani? Uso niufanyeje usije ukawaudhi wazazi? Sheria za huku zinasemaje? Na mimi Mswahili, nina haki ya kufanya kazi hii?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, kwa sababu suala la kitambaa au kiwanda linaamuliwa na uso, na uso unaamuliwa na jambo ambalo hukuuliza: mdoli wako ni mtoto wa nani?

Usinijibu kwamba ni mtoto wa Kiasia. Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 24 wenye asili ya Asia, ukijumlisha na waliochanganya damu. Humo wamo Wachina, Wahindi, Wafilipino, Wavietnam, Wakorea, Wajapani na wengine wengi, na sura ya mtoto wa Kipunjabi haifanani hata kidogo na ya mtoto wa Kikorea. Jina lao la pamoja, Waamerika wa Asia, lilianza mwaka 1968 kule Berkeley, California, pale Yuji Ichioka na Emma Gee walipounda chama cha wanafunzi. Walitaka watu waliokuwa wananyanyaswa kila kundi kivyake wasimame na sauti moja. Jina hilo limefanya kazi kubwa ya siasa, lakini halichongeki. Kinachochongeka ni msichana wa miaka mitano, Mhmong, mzaliwa wa St. Paul, ambaye bibi yake alitoka Laos baada ya 1975 akapitia kambi za wakimbizi za Thailand. Mji wako una Wahmong wengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, na unao watoto wao mbele yako kila asubuhi. Anza na huyo mmoja. Mtoto wa Kifilipino atapata mdoli wake, wenye uso wake, siku nyingine.

Nakazia hapa kwa sababu viwanda vikubwa vilipita njia tofauti, na wewe utashawishika kuipita. Mwaka 1981 Mattel, kampuni kubwa ya toi ya Marekani, ilitoa Barbie wa Kiasia katika mfululizo wake wa kimataifa, ikamwita Oriental Barbie. Kichwa kile kile kikaja kutumika kwa Barbie wa Japani, wa Korea na wa China. Kalibu moja, nchi kadhaa, na kilichobadilika ni nguo. Kwa hesabu za kiwanda inaeleweka, maana kalibu ndiyo ghali na nguo ndiyo rahisi. Lakini ndivyo dunia ilivyozoeshwa kuona kimono au shati la hariri mahali ambapo ingepaswa kuona sura ya mtu.

Kuna mfano unaoniuma zaidi. Familia za Marekani zilizokwenda China kuasili watoto zilikuwa zikifikia katika hoteli ya White Swan mjini Guangzhou, na Mattel iliwatengenezea zawadi: Barbie wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, amembeba kichanga wa Kichina. Mtoto aliyekua na zawadi hiyo alimwona mama yake amesimama vizuri kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa kitu kidogo cha kubebwa, hana jina wala nguo za kubadilisha.

Mambo yalianza kubadilika pale watengenezaji walipokubali kumpa mdoli mji na mwaka. American Girl, watengeneza midoli wa Marekani, walimtoa Ivy Ling mwaka 2007, binti wa San Francisco ya miaka ya 1970, mcheza jimnastiki ambaye babu na bibi yake wana mgahawa mtaa wa Wachina. Kasoro ilikuwa nafasi aliyopewa: aliuzwa kama rafiki wa Julie, msichana wa Kizungu, na mwaka 2014 akaondolewa sokoni. Mchina wa Marekani wa kwanza kuwa msichana wao wa mwaka alikuja 2022, Corinne Tan, mcheza ski wa Aspen, Colorado. Mwaka uliofuata akaja Kavi Sharma wa New Jersey, mwenye asili ya India. Na hata karibuni hivyo, mwaka 2021, Mattel ilitoa midoli ya Olimpiki ya Tokyo ambamo watu walitafuta sura ya Kiasia wasiione, kampuni ikakiri kwamba imepungukiwa. Wazazi wengine hawakusubiri. Elenor Mak wa California alianzisha kampuni ya midoli, Jilly Bing, kwa sababu ya binti yake, na huko Kanada Samantha Ong akaanzisha Joeydolls. Watafute uone kazi zao kabla hujaanza yako. Angalia hasa nguo walizowavalisha na vitu walivyowapa mkononi, maana ni vitu vya nyumbani kwa mtoto wa leo.

Sasa twende kwenye uso.

Kosa la ule mdoli wako wa kimono ni kwamba aliyeuchora aliamini jicho la Kiasia ni jicho la Kizungu lililovutwa kwenda juu. Tofauti haiko kwenye mvuto. Iko kwenye ngozi ya juu ya jicho. Kwa watoto wengi wa Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki, ngozi hiyo inashuka kutoka kwenye nyusi ikiwa laini na yenye unono kidogo, haina ule mkunjo unaokata juu ya kope, au ina mkunjo mdogo uliokaa chini sana. Upande wa ndani, karibu na pua, ngozi hiyo inateremka na kufunika pembe ndogo ya jicho. Mgongo wa pua hapo katikati uko chini, kwa hiyo macho yanaonekana yamekaa mbalimbali. Kope zenyewe zinaelekea chini zaidi kuliko kujipinda juu. Ukiyajenga haya, jicho litakuja lenyewe hata kama pembe mbili ziko usawa mmoja. Ukiyaacha, utalazimika kupandisha mstari ili watu waelewe ulichokusudia, na hapo ndipo mzazi anapoumia, kwa sababu ndiyo ishara ile ile ambayo watoto wakorofi humfanyia mwanawe shuleni kwa vidole.

Kwa sindano fanya hivi. Darizi uso kabla ya kujaza kichwa, kitambaa kikiwa kimewambwa. Piga mstari ulionyooka wa penseli inayofutika kwa maji, kutoka jicho hadi jicho, na pembe zote nne zikae juu yake au karibu nayo sana. Mstari wa kope ya juu uwe wa uzi wa kahawia iliyoiva, nyuzi mbili kati ya zile sita, uanze chini kidogo upande wa pua, upande taratibu, kilele chake kiwe katikati ya jicho, kisha ushuke. Mboni usiidarizi duara zima. Sehemu yake ya juu, karibu theluthi, ifichwe na kope. Mboni inayoonekana yote humfanya mtoto aonekane ameshtuka. Rangi yake iwe kahawia nzito yenye ukingo wa kahawia nyepesi, nyeusi iwe ya katikati tu, na tone moja jeupe la mwanga. Mtoto asiye na mkunjo usimwekee mstari wa pili juu ya jicho. Mwenye mkunjo, na Wahmong wenye mkunjo wapo tele, mwekee mstari mwembamba wa uzi uliozidi rangi ya ngozi kidogo tu. Nyusi zikae juu, mbali na jicho. Pua iwe ndogo ya kuvutwa kwa sindano kutoka ndani, na mashavu uyajaze kuliko unavyodhani yanahitaji.

Nasema hivi kwa fundi wa kitambaa kwa sababu ushauri wangu ni uanze na kitambaa. Si kwa kuwa ni rahisi. Uso bapa ni mgumu kuliko uso uliochongwa. Ila kitambaa kinakuruhusu kubadilisha uso leo na kesho bila kumlipa mtu, na uso wako utabadilika mara nyingi kabla haujakubalika.

Kiwandani mambo hayako hivyo, na ni vizuri ujue mapema kinachofanyika huko. Midoli mingi ya vinaili, yaani plastiki laini, hutoka mkoa wa Guangdong, China, katika miji kama Dongguan na Shantou. Mchongaji hutengeneza kichwa kwa nta au kwa kompyuta, kisha kichwa hicho hupakwa madini kwa umeme hadi kupatikana kalibu nyembamba ya nikeli au shaba. Vinaili ya majimaji hutiwa ndani, kalibu huzungushwa kwenye tanuri mpaka ukuta wa kichwa uive, na fundi huking'oa kichwa kikiwa bado cha moto na laini, kwa koleo, kupitia shimo la shingo. Kikipoa husinyaa. Mchongaji mzoefu huchonga kikubwa kidogo kufidia hilo, lakini kuna jambo ambalo hata wazoefu hulisahau kwa sura hizi: kingo laini hulainika zaidi. Ule mteremko wa ngozi kwenye pembe ya ndani ya jicho ukichongwa kama ulivyo kwa mtoto, ukitoka kwenye tanuri umepotea. Lazima uchongwe mkali kuliko unavyoutaka. Ukikabidhi kazi kwa kiwanda bila kulisema hili, watakurudishia uso wa Kizungu wenye nywele nyeusi, na watakuwa wamefuata mchoro wako.

Watakupa pia njia ya mkato: kichwa kilichopo tayari, wabadilishe rangi tu. Ni nafuu kwa maelfu ya dola, na ndiyo njia iliyoujaza ulimwengu midoli kama huo wa kwenye kapu lako. Mashimo ya macho ya kioo kwenye vichwa hivyo yamekatwa duara kubwa, na hakuna rangi inayoweza kufunika duara. Kama fedha ya kalibu mpya haipo, baki na kitambaa mpaka ipatikane. Kwa hili sina njia ya kati ya kukupa.

Nywele zinastahili maneno yake. Wewe umesuka, kwa hiyo Kanekalon unaijua. Kwenye midoli hutumika hiyo, nailoni, na nyuzi iitwayo Saran, ambayo ni nzito na huanguka ikiwa imenyooka na yenye mng'ao. Kwa nywele zilizonyooka mimi huchagua Saran. Usiagize nyeusi tupu. Chini ya taa za duka hugeuka buluu na kukaa kichwani kama kofia ya pikipiki. Agiza nyeusi iliyochanganywa na nyuzi za kahawia iliyoiva. Kisha uangalie mashine inavyopandikiza: hupiga nywele kwa safu, na kati ya safu na safu hubaki ngozi. Nywele za mawimbi huficha nafasi hizo. Nywele nyeusi zilizonyooka huzianika, kichwa kikaonekana kina mistari myeupe mtoto anapoanza kukichana. Dawa yake ni kupaka fuvu rangi ya nywele kabla ya kupandikiza na kulipia safu za karibu zaidi, hasa kwenye njia ya katikati na kwenye paji la uso. Kiwanda hakitafanya hivyo usipoandika kwenye mkataba.

Rangi ya ngozi nayo uiamue kwa mwanga wa jua, dirishani, si chini ya taa. Waombe wazazi ruhusa ya kupiga picha za mikono ya watoto juu ya karatasi nyeupe, uzilinganishe na vipande vya kitambaa. Utakuta kahawia nyepesi za aina nyingi, baadhi zenye wekundu. Manjano ya katuni hutaiona hata kwa mmoja.

Nguo. Mtoto wa St. Paul huvaa koti la theluji, buti, na soksi zisizolingana. Mvalishe hayo. Mavazi ya mwaka mpya wa Kihmong uyauze kama seti ya pili, kwa sababu kwa mtoto mwenyewe ni nguo za sikukuu, kama kanzu ya Idi kwa wa kwetu. Hapo ndipo utakapofurahi kama fundi: darizi yao, paj ntaub, ni kazi ya kukata kitambaa cha juu na kushona kingo zake ili cha chini kionekane, yenye hesabu kali, na sketi zao za marinda zina tofauti kati ya Wahmong Weupe na Wahmong wa Kijani, hawa wa pili wakiwa na kitambaa cha buluu ya nili kilichopigwa nta. Uliza ni ipi, usichanganye kwa kubahatisha. Na nili, mwanangu, huchuja. Siku utakapoingia kwenye vinaili, rangi hiyo itahamia kwenye mapaja ya mdoli na haitoki. Funga sampuli kwenye kitambaa hicho uiweke mahali pa joto kwa wiki kadhaa kabla ya kuidhinisha, au uweke bitana.

Sarafu za fedha zinazoning'inia kwenye mikanda yao ndizo zinazonipeleka kwenye sheria. Marekani hairuhusu toi la mtoto wa chini ya miaka 3 liwe na kipande kinachoweza kung'oka na kuingia kizima kwenye silinda ya kipimo yenye kipenyo cha milimita 31.7. Sarafu zako zitaingia, vifungo navyo. Kwa wadogo, zidarizi kwa uzi wa fedha. Sheria ya mwaka 2008 ya usalama wa bidhaa inaweka kikomo cha madini ya risasi: sehemu 100 kwa milioni kwenye bidhaa yenyewe, 90 kwenye rangi. Aina nane za fthaleti, kemikali zinazolainisha plastiki, zisizidi asilimia 0.1. Toi lazima litimize kiwango kiitwacho ASTM F963, liwe na alama ya kufuatilia lilikotengenezwa, na wewe uandike cheti chake. Upimaji hufanywa na maabara iliyokubaliwa na tume ya usalama, lakini kuna nafuu kwa mtengenezaji mdogo mwenye mapato yasiyozidi kikomo kinachorekebishwa mara kwa mara na asiyezidisha vipande 7,500 vya bidhaa moja kwa mwaka: akijiandikisha, baadhi ya vipimo havilazimiki maabara. Rangi na vipande vidogo havimo kwenye nafuu hiyo. Pamba ya kawaida haipimwi risasi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na kitambaa. Ukiuza Pennsylvania, mdoli wa kujazwa unahitaji usajili na lebo yake.

Gharama za China siwezi kukuahidi. Mwaka 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulipanda na kushuka mara kadhaa, na hesabu ya Januari haikufaa kufika Mei. Viwanda vingi vitakutaka uagize kati ya midoli 1,000 na 3,000 kwa uso mmoja. Kumbuka pia kwamba vinafunga kwa majuma wakati wa mwaka mpya wa Kichina.

Kuhusu haki yako. Mwaka 1968 huko Los Angeles Kusini, miaka mitatu baada ya ghasia za mtaa wa Watts, Lou Smith na Robert Hall walifungua kiwanda cha midoli ya watoto weusi. Mattel iliwapa mtaji na mafunzo, na uamuzi wa uso ukabaki kwa wenyewe. Mdoli wao wa kwanza, Baby Nancy, ulichongwa upya wote, pua na midomo, badala ya kupakwa kahawia. Kiwanda kilidumu hadi 1983, na jina walilokipa walilitoa kwenye lugha yako: Shindana. Chukua mfano huo upande wake wa pili. Katika habari hii wewe uko mahali pa Mattel: ndiye mwenye cherehani na ujuzi. Uamuzi wa uso si wako.

Kwa hiyo haki unayo, ila si ya peke yako. Tafuta mdarizi wa Kihmong awe mshirika, kwa mkataba, kwa asilimia ya mauzo, na jina lake liwe kwenye lebo pamoja na lako. Darizi yake usiinakili kutoka kwenye picha. Jina la mdoli walichague wao. Nyuso za majaribio uzipeleke kwa wazazi na mabibi, tano au sita kwa pamoja, na usiwaulize kama ni nzuri, maana kwa adabu watakwambia ni nzuri. Waulize, "Huyu ni mtoto wa nani?" Wakinyamaza, rudi kwenye sindano. Mmoja akikutajia mpwa wake, na mwenzake akabisha kwamba hapana, ni yule wa dada yangu, uso huo uweke. Watoto usiwaulize chochote; mdoli utie kapuni na midoli mingine, uendelee na kazi zako, uone unabebwa na nani.

Washirika hao utawapata Hmongtown Marketplace, pale Como Avenue, ambako wadarizi wanauza kazi zao wenyewe. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, nunua kipande kimoja kwa bei wanayokutajia, na uwaeleze unachotaka kufanya kabla hujakata kitambaa chochote.